Kwa Nini Biskuti Hutandaa Msamala

Mapishi mengi yanayofika Msamala, hapa Songea, yametoka mbali. Yanakuja kwa simu, yakipokezana kutoka kundi moja la wapishi hadi jingine: mengine yameandikwa Dar es Salaam, mengine Mombasa, mengine Marekani na kutafsiriwa njiani, na mengi hayasemi yalikotoka. Mwokaji wa hapa, ambaye mara nyingi ni mama anayepokea oda za keki na biskuti akiwa nyumbani kwake, anayafuata kijiko kwa kijiko. Anafungua mfuniko na kukuta biskuti zimeshikana trei nzima, nyembamba, kingo zimeungua na katikati pabichi. Watu wanamwambia hana mkono wa kuoka.

Maneno hayo yanaumiza, na si ya kweli. Kutandaa kwa biskuti kuna sababu zinazojulikana. Zimechunguzwa kwa rula na kwa saa kwa miongo mingi, na karibu zote zinaweza kushughulikiwa na mtu mwenye jiko la mkaa na sufuria ya kawaida. Kinachokosekana katika mapishi tunayotumiana ni sababu hizo. Tunapewa vikombe na vijiko bila kuelezwa kila kitu kinafanya kazi gani, na pale unga, mafuta, moto na hata hewa yetu vinapokuwa tofauti na vya aliyeandika, tunabaki kubahatisha kwa unga na majarini tulivyonunua kwa fedha ya taabu.

Biskuti ikikutana na joto hupita hatua mbili. Kwanza hulegea. Mafuta yanayeyuka, sukari inachukua maji machache yaliyomo na kugeuka shira, na kinyunga kinaanza kushuka na kwenda pembeni kwa uzito wake chenyewe. Baadaye hukaza. Maji yanaondoka, protini za unga na za yai zinashikana, na mwendo unasimama pale ulipofika. Ni mbio kati ya kuyeyuka na kukaza. Upana wa biskuti unaamuliwa na kasi ya kutandaa pamoja na muda inaopewa kabla ya kukaza, na kila kiungo na kila hatua ya mkono hufanya kazi kupitia moja ya hayo mawili.

Wamarekani walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kuliwekea kipimo rasmi. Chama chao cha wakemia wa nafaka kina jaribio namba 10-50, ambamo unga unaochunguzwa huokwa biskuti za sukari, biskuti sita hupangwa kwa mstari na kupimwa upana, kisha zinapandanishwa na kupimwa kimo. Upana ukigawanywa kwa kimo unatoa namba moja inayoeleza kama unga huo unafaa kwa biskuti. Katika miaka ya 1980 Carl Hoseney na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas walifuatilia kinachotokea ndani ya oveni na kuonyesha kwamba unga wa ngano ngumu hutoa biskuti ndogo hasa kwa sababu hukaza mapema, wakati wa ngano laini huendelea kutandaa kwa muda mrefu zaidi. Kwao unga mzuri wa biskuti ni ule unaotandaa.

Unga wetu ni wa namna nyingine. Unga wa ngano unaouzwa Songea, kama sehemu nyingi za Tanzania, unakusudiwa kwanza kwa chapati, maandazi na mkate. Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini huagizwa kutoka nje, na msagaji anatafuta unga utakaotoa kinyunga kinachovutika bila kukatika. Unga wa biskuti huko Marekani huwa na protini ya asilimia 7 hadi 9 hivi. Wa mkate huwa na asilimia 11 na kuendelea. Mfuko wenye jedwali la lishe huonyesha gramu za protini katika kila gramu 100, na inafaa kulisoma kabla ya kulipa. Sasa, kwa unga wenye nguvu, biskuti zetu zilipaswa kutandaa kidogo kuliko za Wamarekani. Zikitandaa kupita kiasi, chanzo kitafutwe kwingine.

Hata hivyo, dawa ya kwanza anayopewa kila mwokaji ni kuongeza unga. Dawa hiyo hufanya kazi, kwa gharama. Unga wenye protini nyingi ukiongezwa, kisha kinyunga kikakandwa zaidi ili uchanganyike, gluteni, yaani protini za unga zilizoshikana, hujengeka, na biskuti hutoka imesimama lakini ngumu ya kuvunja jino. Mteja wa kwanza analalamika kuwa imetandaa, wa pili analalamika kuwa haitafuniki, na mwokaji hajui kwamba malalamiko ya pili yametokana na tiba ya yale ya kwanza.

Kabla ya kuongeza unga, ni vizuri kujua umeweka kiasi gani. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa na gramu 120 ukiuchota kwa kijiko bila kuushindilia, au gramu 150 ukiuchota kwa kikombe chenyewe ndani ya mfuko. Kikombe cha vipimo cha Marekani kina mililita 237, cha nchi nyingine 250, na kikombe cha chai cha nyumbani kina ukubwa wowote aliotaka mtengenezaji. Mapishi ya vikombe viwili vya unga yanaweza kutofautiana gramu 60 kati ya jiko na jiko, na gramu 60 zinatosha kubadilisha biskuti ya kutandaa kuwa kokoto. Natamani kila anayeuza vitu vya kuoka awe na mizani ndogo ya jikoni kabla ya kununua mashine ya kupigia mayai. Mizani ndiyo inayofanya kazi ya leo ifanane na ya wiki ijayo, na mteja wa oda analipia hasa ufanano huo.

Mayai yana hadithi ileile. Yai la kuku wa kisasa lina uzito wa gramu 55 hadi 60 pamoja na ganda. La kuku wa kienyeji mara nyingi ni gramu 40 hivi. Karibu robo tatu ya yai ni maji. Mapishi ya mayai matatu yaliyoandikwa kwa mayai makubwa yakifanywa kwa ya kienyeji hupungukiwa na majimaji mengi, na yaliyozoeleka kwa mayai ya kienyeji yakifanywa kwa ya kisasa hugeuka uji. Yavunje, yapige, upime gramu.

Kwenye mafuta ndiko kwenye mengi ya kueleza. Siagi huanza kulainika mapema na huwa imeyeyuka yote ikifika nyuzi 35 hivi za sentigredi, yaani chini ya joto la mwili. Biskuti yake hulegea mara tu inapoguswa na moto. Mafuta magumu ya kupikia huyeyuka baadaye kidogo, hivyo kinyunga kinakuwa kimeanza kukaza kabla hakijapoteza umbo. Mafuta ya alizeti hayana cha kuyeyuka. Ni majimaji tangu kwenye bakuli, hayashiki hewa, na kinyunga chake huanza kutembea mapema. Majarini iko katikati, lakini neno hilo linabeba vitu vingi. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, majarini halisi ina mafuta ya asilimia 80 hadi 90. Makopo kadhaa yanayofanana nayo rafuni ni vipakio vya mkate, vyenye mafuta pungufu na maji zaidi. Kwenye mkate wa asubuhi tofauti haionekani. Kwenye biskuti, maji hayo ya ziada yanakutana na sukari, yanatengeneza shira, na trei nzima inajaa. Kinachotakiwa ni kusoma asilimia ya mafuta ubavuni mwa kopo, maandishi madogo yaliyoko chini ya picha.

Anayetaka kuona nguvu ya maji haya aitazame nankhatai. Biskuti hii, ambayo asili yake ni India na ambayo Zanzibar na Mombasa huiandaa hasa kwa sikukuu, ina mafuta mengi kuliko biskuti karibu zote tunazozijua. Samli yake inaweza kufikia nusu ya uzito wa unga. Kwa hesabu ya mafuta peke yake ilipaswa kumwagika. Haimwagiki. Inapasuka juu, inabaki na mgongo wake, na inayeyuka mdomoni. Sababu ni kwamba samli karibu haina maji kabisa, na mapishi ya asili hayana yai. Sukari haipati maji ya kuigeuza shira, na unga haupati maji ya kujenga gluteni. Kinachobaki ni chembe za unga zilizopakwa mafuta, zikishikana kwa kukandamizwa na kiganja. Mafuta yakiyeyuka zinasogea kidogo na kupasuka, lakini hakuna shira ya kuzibeba pembeni. Mtu akitia yai moja kwenye nankhatai “ili ishike”, kama mapishi kadhaa yanavyoshauri sasa, amebadilisha biskuti yenyewe.

Upande wa pili wa dunia kuna biskuti za vipande vya chokoleti, ambazo Ruth Wakefield wa Massachusetts alizipa umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1930. Zina siagi yenye maji yake, mayai, sukari nyingi na bikaboneti ya soda. Zimepangwa zitandae, ndivyo zinavyopata kingo kavu na kiini laini. Mapishi ya ukoo huo ndiyo mengi kati ya yale yanayosambaa kwa simu zetu, na mwokaji wa Msamala anayaoka akitarajia umbo la nankhatai au la biskuti ya kiwandani. Ameahidiwa kitu kimoja na kuelekezwa kingine.

Sukari yenyewe ina namna mbili za kusukuma biskuti. Ya kwanza ni wingi wake: kila kijiko cha ziada ni shira zaidi, na shira huchelewesha kukaza kwa sababu huvinyang’anya unga na yai maji vinayoyahitaji. Ya pili ni ukubwa wa punje. Sukari laini huyeyuka haraka na kutandaza. Punje kubwa huchelewa, nyingine hubaki nzima hadi biskuti ikaze. Sukari ya kahawia ya madukani kwetu, ya viwanda kama Kilombero na Kagera, ina punje kubwa na kavu. Ile ya Marekani ambayo mapishi hutaja ni laini kama mchanga mbichi na ina unyevu wa molasi. Anayesaga sukari yetu kwenye blenda ili ichanganyike vizuri ajue ameongeza mwendo wa biskuti, na apunguze kidogo. Sukari ya unga ya kupambia keki ina tabia tofauti kwa sababu huwa imechanganywa na wanga wa mahindi, na wanga huo hushika maji.

Kuhusu viumuo nitasema machache. Bikaboneti hupunguza uchachu wa kinyunga, na kinyunga kisicho na uchachu hukawia kukaza na hupata rangi haraka. Biskuti yake ni pana na ya kahawia. Beking pauda huja na asidi yake ndani, hivyo biskuti hubaki nyeupe zaidi na hutandaa kidogo. Kubadilisha moja kwa nyingine kwa sababu duka limeishiwa ni kubadilisha upana pia. Magadi ya kulainishia maharage yasitumike. Ni makali zaidi na huacha ladha ya sabuni.

Sasa hewa. Songea iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,000 na zaidi. Maji huchemka hapa kwa nyuzi 96 hivi badala ya 100, na mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa Dar es Salaam kiasi kwamba gesi ileile ya beking pauda huchukua nafasi karibu moja ya nane zaidi. Keki huumuka kwa pupa kabla kuta zake hazijakaza, kisha huzama katikati. Maji hukauka mapema na kuacha shira nzito. Miongozo ya uokaji wa nyanda za juu huko Marekani, ambayo Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kimeishughulikia kwa miaka mingi, huanza kutoa marekebisho kwenye mita 900 hivi. Kwa kimo chetu hushauri kupunguza moja ya nane ya kijiko katika kila kijiko cha beking pauda, kupunguza hadi kijiko kimoja cha chakula katika kila kikombe cha sukari, kuongeza kijiko kimoja au viwili vya chakula vya majimaji kwa kila kikombe kwenye keki, na kupandisha moto kwa nyuzi kumi hivi. Ni marekebisho madogo. Lakini mtu wa Songea, Mbinga au Njombe anayefuata mapishi ya pwani bila kuyafanya anaanza akiwa nyuma, na sijaona kitabu cha mapishi cha Kiswahili kinachomwambia hivyo. Watu wengi wa nchi hii wanaishi nyanda za juu. Waandishi wa mapishi wanapaswa kuandika walipika wapi.

Majira nayo yanahesabika. Juni na Julai Songea huwa na baridi kali asubuhi, majarini huwa ngumu na kinyunga kinaingia motoni kikiwa baridi. Mafuta huchelewa kuyeyuka na biskuti husimama vizuri. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, majarini ileile hulegea yenyewe mezani. Ukiipiga na sukari katika hali hiyo haishiki hewa, inageuka rojo, na mwendo umeanza kabla ya moto. Asiye na friji aoke alfajiri, au aweke bakuli la kinyunga ndani ya beseni la maji ya baridi huku likifunikwa kitambaa kibichi, kwa saa moja. Muda huo unafanya kazi mbili: mafuta yanarudi kushika, na unga unapata nafasi ya kunywa maji yaliyokuwa huru. Majira ya joto pia si wakati wa kupiga majarini na sukari muda mrefu hadi iwe nyeupe. Kwa keki ni sawa, kwa biskuti hewa ile nyingi huinuka, hupasuka na kuanguka pembeni.

Nimechelewesha moto kwa makusudi, kwa sababu kwa maoni yangu ndiko biskuti nyingi za Msamala zinakoharibika. Mapishi husema “oka kwa nyuzi 180 kwa dakika kumi na mbili” na kudhani joto linakuja pande zote na halibadiliki. Mkaa hauko hivyo. Anayeoka kwa sufuria yenye mchanga, au kwa oveni ya bati ya kuwekea makaa juu na chini, anaongoza mioto miwili tofauti. Wa chini hupita kwenye bati jembamba na kuingia moja kwa moja kwenye kitako cha biskuti. Wa juu humulika uso wake. Kitako kikipata moto mkali na uso ukakosa, mafuta ya chini yanayeyuka, biskuti inateleza juu yake kama iliyo kwenye kikaango, kingo zinakimbia na kuungua, na juu bado hapajajua kama kuna moto. Kitako kikipata joto dogo la kujivuta, mambo ni mabaya zaidi: kuyeyuka kunaanza, kukaza hakuanzi, na biskuti inapewa dakika nyingi za kwenda inakotaka.

Kwa hiyo waokaji wazuri wa mkaa huweka makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini, na wana haki. Theluthi mbili juu na theluthi moja chini ni pa kuanzia pazuri kwa biskuti. Muhimu zaidi, chombo kiwe kimeshika moto kabla ya trei kuingia. Biskuti iliyoingizwa kwenye sufuria ya vuguvugu kwa sababu mtu ana haraka imeshapoteza mbio. Joto linaweza kupimwa kwa unga: nyunyiza kidogo kwenye kipande cha bati, weka ndani, uangalie unachukua muda gani kubadilika rangi, kisha linganisha na siku biskuti zako zilipotoka vizuri. Kipimajoto kidogo cha oveni hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hakihitaji umeme.

Trei ina sehemu yake katika hili. Ikipakwa mafuta mengi biskuti haina pa kushika na inateleza. Karatasi ya kuokea, au mafuta kidogo yaliyonyunyiziwa unga, huipa mshiko. Halafu kuna trei ya pili. Mwenye trei moja hutoa mkupuo wa kwanza, kisha kwa kuokoa muda anapanga kinyunga juu ya bati lililo bado na moto. Mafuta yanaanza kuyeyuka hata kabla hajafika mwisho wa mstari. Ndiyo maana mkupuo wa kwanza unaweza kuwa mzuri na wa pili ukawa mpana, kwa kinyunga kilekile, na mwokaji akabaki anashangaa. Geuza trei, imwagie maji mgongoni, ifute, ndipo upange.

Moto wenyewe nao unabadilika. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji uliendeshwa na jenereta za dizeli. Sasa oveni za umeme na majiko ya gesi yenye oveni yanaongezeka majumbani, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ninaunga mkono kwa moyo wote. Misitu ya miombo ya Ruvuma haiwezi kuendelea kuwa mkaa, na mapafu ya mama zetu hayakuumbwa kwa moshi. Lakini anayehama kutoka sufuria kwenda oveni hahami na mapishi yaleyale. Sufuria iliyofunikwa huhifadhi mvuke, na mvuke huchelewesha uso kukauka. Oveni yenye feni hukausha uso mapema, biskuti hukaza haraka na hutoka ndogo zaidi. Umeme ukikatika katikati ya mkupuo, trei ibaki ndani na mlango usifunguliwe: joto lililobaki huwa linatosha kukazia kilichokwisha kuanza. Mafunzo yanayotolewa kwa wajasiriamali wadogo, yakiwamo ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, ambalo lina ofisi mkoani hapa, yangesaidia sana kama yangetenga siku moja kwa hili tu: kinyunga kimoja, mioto mitatu, rula mezani.

Skonzi nazo hutandaa, ingawa kwa sababu nyingine. Hapa hatuna shira wala mafuta mengi. Umbo linashikwa na gluteni, na kinachotawanya ni udhaifu wake. Maji yakizidi sana asilimia 60 hivi ya uzito wa unga, kinyunga kinahitaji mkono wenye uzoefu ili kisimame. Maziwa na mayai yahesabiwe humo humo. Chumvi, kiasi cha gramu 15 hadi 20 kwa kilo ya unga, hukaza gluteni na kuituliza hamira. Skonzi iliyosahauliwa chumvi huonekana kwa macho kabla ya kuonjwa. Wakati wa kuviringa, ngozi ya juu ivutwe kuelekea chini na kubanwa kitakoni, kwa sababu ngozi hiyo iliyovutika ndiyo inayobeba mgongo. Zipangwe zikikaribiana, kidole kimoja kati yake, ili zikiumuka ziegemeane na zipande juu.

Kosa kubwa la skonzi ni kuachwa ziumuke kupita kiasi. Baridi ya Juni humfundisha mwokaji kuongeza hamira na kusubiri saa mbili. Oktoba inamkuta na hamira ileile na saa zilezile, na kinyunga kinachoka, kinajaa gesi, kinalala pembeni. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole bila kujaa lote, peleka motoni. Likibaki vilevile, umechelewa.

Kuna njia ya mkato ambayo watengenezaji wa mikate duniani waliitumia kwa miaka mingi, bromati ya potasiamu, inayoipa gluteni nguvu ili mkate upande bila kutandaa. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1990, Nigeria mwaka 2003, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Mwenye kuuza skonzi kwa watoto wa majirani zake hana sababu ya kuigusa. Vitamini C kidogo mno, iliyomo tayari katika baadhi ya aina za unga na hamira, hufanya kazi karibu na hiyo bila hatari.

Limebaki suala la unga wa kwetu. Mkoa huu unalisha nchi kwa mahindi, na unalima soya, lakini ngano ya biskuti zake inasafiri kutoka mbali na bei yake hupanda na kila lita ya mafuta ya lori. Kuchanganya kunawezekana, na mwenendo wake unatabirika. Unga wa mahindi hauna gluteni na chembe zake hunywa maji polepole, hivyo biskuti hupasuka na kuvunjika ukizidi. Soya hunywa maji mengi kwa sababu ya protini yake, kwa hiyo biskuti hupungua upana na kuongezeka kimo, jambo ambalo kwa mwokaji anayelalamikia kutandaa ni msaada wenye lishe ndani yake. Soya hiyo ikaangwe au ichemshwe na kukaushwa kabla ya kusagwa, maana ikiwa mbichi ina vizuizi vya umeng’enyaji na harufu ya maharage. Anayeanza aanze na sehemu moja ya soya kwa sehemu tisa za ngano, aongeze kijiko kimoja cha maziwa, aoke biskuti sita, apime upana wake na kimo chake kwa rula, aandike, kisha apande hadi sehemu mbili kwa nane.